Mazoezi ya piano ya kila siku: namna wapiga piano waliokomaa wanavyoyafanya, hatua kwa hatua

Maswali ni yale yale kila mara. Nifanye mazoezi kwa muda gani kwa siku? Nianze na skeli (nota zinazopanda na kushuka kwa mfuatano) au na utungo wenyewe? Kwa nini wiki tatu zimepita na ukurasa wa pili bado unanishinda mahali pale pale? Kwa nini nikiwa peke yangu napiga vizuri, lakini akiingia mtu mmoja tu chumbani vidole vinapotea njia?

Mwongozo huu unayajibu kwa kufuata kikao kimoja cha mazoezi, tangu kufungua daftari hadi kufunika piano. Ni wako ikiwa tayari unasoma nota, hata kwa kusuasua, na unaweza kupiga mikono miwili kwa pamoja. Jambo la kushika tangu sasa ni hili: mpiga piano aliyekomaa hafanyi mazoezi ya utungo, anafanya mazoezi ya tatizo lililomo ndani ya utungo. Kuupiga wote kuanzia mwanzo hadi mwisho mara kumi ni burudani. Burudani ni halali na ina saa yake, ila usiihesabu kuwa mazoezi.

Kuhusu muda, Chopin, mtunzi na mpiga piano, aliwaonya wanafunzi wake wasizidishe saa tatu kwa siku, na wale walikuwa watu wenye vipaji vikubwa. Kwako dakika 60 hadi 90 zenye umakini zinatosha kabisa. Dakika 40 kila siku zina faida kuliko saa tano za Jumamosi, kwa sababu vidole na kumbukumbu hujijenga katikati ya kikao na kikao, hasa unapolala.

VITU UNAVYOHITAJI

- Piano, au kinanda cha umeme chenye vibao 88 vyenye uzito. Vibao vyepesi vinakufundisha kugusa kijuujuu, na siku utakayokutana na piano halisi nusu ya nota hazitasikika.
- Benchi linalopanda na kushuka. Kama huna, kiti imara na mkeka mgumu wa kuongeza kimo. Mto laini haufai, unabonyea unapoegemea.
- Metronomu, yaani kifaa kinachogonga mapigo kwa usawa, kwa mfano 60 kwa dakika, ya mkononi au ya kwenye simu.
- Penseli laini na kifutio. Usitumie kalamu ya wino, maana mpangilio wa vidole utaubadilisha zaidi ya mara moja.
- Daftari dogo la mazoezi.
- Kitu cha kurekodi sauti. Ukitumia simu, zima ujumbe na arifa zote kwanza.
- Kitabu cha nota ambacho umeandika namba za vipimo (sehemu fupi zinazotenganishwa na mistari ya wima) mwanzoni mwa kila mstari. Kazi hii haizidi dakika tano, na bila namba hizo daftari halitakusaidia.

Vidole vinahesabiwa hivi kwa mikono yote miwili: gumba ni 1, cha shahada 2, cha kati 3, cha pete 4, kidogo 5.

HATUA YA 1: ANDIKA KAZI YA LEO KABLA YA KUGUSA KIBAO

Fungua daftari, andika mistari mitatu au minne. Kila mstari utaje vipimo, mkono, tatizo na kasi. Kwa mfano: "Kipimo cha 17 hadi 20, mkono wa kushoto, mruko wa kipimo cha 18, mapigo 60." Huo ni mpango, kwa sababu baada ya dakika kumi utajua kama umefanikiwa au hujafanikiwa. "Kuboresha ukurasa wa pili" si mpango. Huwezi kuumaliza, na usichoweza kukimaliza utakiacha ukiwa umechoka bila kujua umepata nini.

Kama hujui tatizo ni lipi, piga utungo mara moja, polepole, ukiwa na penseli mkononi, na uweke alama ndogo kila unaposita. Alama hizo ndizo kazi yako ya wiki nzima.

HATUA YA 2: KETI VIZURI

Keti kwenye nusu ya mbele ya benchi, nyayo zote mbili zikiwa sakafuni. Panda au shuka mpaka kigasha, yaani sehemu ya mkono kati ya kiwiko na kifundo, kilale sambamba na sakafu wakati vidole vimegusa vibao. Ili kupata umbali, kunja ngumi na unyooshe mikono mbele. Ngumi ziguse ubao ulio nyuma ya vibao bila wewe kuinama. Mikono ikilazimika kupinda, umesogea mno.

Hapa inafaa kujua piano inavyofanya kazi ndani, kidogo tu. Kibao hushuka takriban sentimita moja. Kabla hakijafika chini kabisa, nyundo huachiwa na kurukia waya peke yake. Sauti ikishatoka, nguvu yoyote unayoongeza kwenye kibao haiifikii nyundo wala waya. Inabaki kwenye mkono wako, na ndiyo inayogeuka uchovu. Jipime hivi: piga nota moja kwa kidole cha 3, kishikilie kibao, kisha inua na ushushe kifundo cha mkono taratibu. Kikikataa kusogea, unakandamiza. Legeza mpaka kidole kibaki na uzito wa kutosha kukizuia kibao kisipande, basi.

HATUA YA 3: SKELI, DAKIKA 10 TU

Skeli zinapasha misuli joto, lakini kazi yake kubwa ni kukupa mpangilio wa vidole uliokwisha kukaa mkononi, ili ukikutana nao ndani ya utungo usianze kufikiri upya. Aina zake kuu ni mbili: zipo meja 12 na maina 12. Chukua meja moja na maina inayotumia alama zile zile kwa siku, kama C meja na A maina. Baada ya siku 12 umezunguka zote.

Usianze lazima na C. Chopin aliwaanzisha wanafunzi na B meja na kuiacha C hadi mwisho, na sababu yake ni ya mwili: vidole virefu hukaa juu ya vibao vyeusi, gumba na kidole kidogo kwenye vyeupe, na mkono unapata umbo lake la asili bila kulazimishwa. Mkono wa kulia wa B meja ni 1-2-3-1-2-3-4, kisha 1 kuendelea au 5 kumalizia. Wa kushoto ni 4-3-2-1-4-3-2-1.

Zoezi la kutumia ni hili. Weka metronomu mapigo 60.
1. Oktavu moja (nota nane, kama kutoka C hadi C inayofuata), nota moja kwa kila pigo.
2. Oktavu mbili, nota mbili kwa kila pigo.
3. Oktavu tatu, nota tatu kwa kila pigo.
4. Oktavu nne, nota nne kwa kila pigo.

Kila safari ya kupanda inafika kileleni baada ya mapigo 7, iwe oktavu moja au nne, kwa hiyo utajua mara moja ukiwahi au ukichelewa. Ikiwa ya nne inakushinda, shusha metronomu hadi 50 badala ya kuirukia.

Swali la mazoezi ya vidole ya Hanon haliepukiki. Charles-Louis Hanon alichapisha mazoezi yake 60 mwaka 1873, na mpaka leo kuna wanaoapa kwayo na wanaoyakataa kabisa. Yanasaidia mradi uyapige ukisikiliza ulinganifu wa sauti, mkono ukiwa umelegea. Yanaumiza ukiinua vidole juu kama nyundo za fundi kwa nusu saa huku akili iko kwingine. Ukiwa na saa moja tu kwa siku, yaache, na utengeneze zoezi kutokana na kipimo kinachokusumbua.

HATUA YA 4: CHAGUA KIFUNGU, USIANZE MWANZO WA UTUNGO

Akili mbichi ndiyo mali yako kubwa, na haidumu. Itumie kwenye kipimo kigumu kuliko vyote. Kosa linaloonekana kwa karibu kila mwanafunzi ni kuanza kipimo cha 1 kila siku. Matokeo yake ukurasa wa kwanza unang'aa na wa mwisho hauna mwenyewe, na msikilizaji anausikia utungo ukidhoofika kadiri unavyosonga.

Kifungu kiwe na vipimo 2 hadi 4, na kila mara kiishie kwenye nota ya kwanza ya kipimo kinachofuata. Nota hiyo moja ya ziada ni muhimu kuliko inavyoonekana, maana mahali pa kukwama ni kwenye kiungo kati ya kipimo na kipimo. Ukiishia kwenye mstari wa kipimo, unajizoeza kusimama pale pale.

Kabla ya kupiga, kisome kwa macho kwa dakika mbili. Wapi mkono unahama? Wapi vidole vinapishana? Nota zipi zinajirudia? Mpiga piano Walter Gieseking, aliyefundishwa na Karl Leimer, alijulikana kwa kujifunza tungo kwa kusoma nota tu, mbali na piano. Huna haja ya kufika huko, lakini dakika mbili za kusoma zinaokoa ishirini za kupapasa.

Kisha andika vidole kwa penseli. Usijaze kila nota. Andika pale mkono unapohama, gumba linapopita chini, na kidole cha kwanza cha kila kifungu. Ukishaamua, fuata vidole hivyo hivyo kila siku. Ukitumia 3 leo na 4 kesho, mkono unajifunza tungo mbili tofauti na hauishiki hata moja. Jaribu mpangilio wako mara moja kwa kasi kabla ya kuukubali, kwa kuwa vidole vinavyokaa vizuri polepole mara nyingine hugongana kwenye kasi halisi.

HATUA YA 5: PIGA POLEPOLE KWELIKWELI

Hii ndiyo hatua inayotenganisha watu, na ndiyo wanayoiruka wengi.

Mpiga piano Abram Chasins alisimulia kwamba alifika nyumbani kwa Rachmaninoff akasikia ndani mtu akifanya mazoezi polepole mno, kiasi kwamba mwanzoni hakuutambua utungo. Ulikuwa utungo wa mazoezi wa Chopin, Op. 25 Na. 6, uliojaa nota zinazopigwa mbilimbili kwa pamoja na mkono wa kulia, na aliyekuwa akiupiga alikuwa Rachmaninoff mwenyewe, mmoja wa wapiga piano wenye mikono yenye uwezo mkubwa kuliko wote waliorekodiwa.

Polepole maana yake nini? Si namba ya metronomu. Ni kasi ambayo unaijua nota inayofuata, na kidole kitakachoipiga, kabla mkono haujafika. Ukishtukizwa na nota hata moja, bado una haraka. Kwa wengi hiyo ni nusu ya kasi ya mwisho. Kwa kifungu kigumu ni theluthi.

Fanya hivi:
1. Mkono wa kulia peke yake, mara tatu mfululizo bila kosa.
2. Mkono wa kushoto peke yake, mara tatu mfululizo bila kosa. Mkono huu unahitaji muda zaidi na kwa kawaida hupewa kidogo zaidi. Geuza hesabu hiyo.
3. Mikono miwili pamoja, kwa kasi ya chini kuliko uliyotumia kwa mkono mmoja, mara tatu mfululizo.

Ukikosea mara ya tatu, hesabu inarudi sifuri. Si adhabu. Sababu ni kwamba mkono haujui kosa wala sahihi, unahifadhi kile ulichorudia. Ukipiga kifungu vibaya mara tisa na vizuri mara moja kisha ukaridhika, umefanya mazoezi ya kosa mara tisa. Samaki mkunje angali mbichi: kosa la siku ya kwanza linaondoka kwa dakika tatu, la mwezi linahitaji wiki.

Angalia tabia mbili. Ya kwanza ni kugusa nota isiyo sahihi, kuisahihisha upesi, na kuendelea mbele. Masikio yanaona umerekebisha, ila mkono umejifunza nota mbili: ile mbaya, kisha ile nzuri, na utazipiga zote mbili kesho. Simama, rudi mwanzo wa kifungu. Ya pili ni kupiga polepole kwa mwendo wa mkono ambao hautawezekana kwenye kasi, kama kuinua vidole juu sana au kuhamisha mkono kwa hatua nyingi ndogo. Mwendo wa mkono uwe ule ule wa kasi ya mwisho. Kinachopungua ni kasi tu.

HATUA YA 6: PANDISHA KASI KWA NGAZI

Tuseme kasi ya mwisho ni mapigo 120 na umekituliza kifungu kwenye 60. Usipande moja kwa moja kama lifti. Panda hatua mbili, shuka moja: 60, 66, 72, 66, 76, 84, 76, na kuendelea. Kushuka kunaupa mkono nafasi ya kulegea na kunakuonyesha kama kile ulichopata juu ni chako au ulibahatisha. Siku moja usilazimishe kupanda zaidi ya mapigo 20 hadi 25.

Kifungu kikiwa na nota nyingi za haraka zinazolingana, kibadilishe mdundo. Piga ndefu-fupi, ndefu-fupi hadi mwisho, kisha fupi-ndefu. Halafu gawa nota nne nne: ya kwanza ndefu na tatu za haraka, kisha sogeza ile ndefu iwe ya pili, ya tatu, ya nne. Kila nota inapata zamu ya kupumzikiwa na zamu ya kukimbiwa, na nota dhaifu zinajitokeza zenyewe.

Mwisho zima metronomu na upige mara mbili bila hiyo. Metronomu inapima, haiongozi. Anayeitegemea muda wote akizimiwa anakimbia, kwa sababu hajawahi kubeba mapigo mwenyewe.

HATUA YA 7: UNGANISHA VIFUNGU KUANZIA MWISHO

Ukiwa na vifungu vinne, usiviunganishe kuanzia cha kwanza. Piga cha nne. Kisha cha tatu na cha nne. Kisha cha pili hadi cha nne. Kwa njia hii kila unaposonga mbele unaelekea mahali unapopajua vizuri zaidi, badala ya kutembea kuelekea gizani. Utaona hofu ya ukurasa wa mwisho ikipungua ndani ya wiki moja.

HATUA YA 8: BADILISHA KAZI KABLA YA KUCHOKA

Dakika 10 hadi 12 kwenye kifungu kimoja zinatosha, hata kama unahisi bado kidogo tu. Nenda kwenye kifungu kingine, halafu rudi kwenye kile cha kwanza baada ya robo saa. Utakuta kimelegea kidogo na utalazimika kukikumbuka upya. Juhudi hiyo ya kukumbuka ndiyo inayokifanya kikae. Kurudia mara hamsini mfululizo kunaleta raha ya haraka, lakini asubuhi hutaikuta.

Baada ya kila dakika 25 inuka kwa dakika 5. Tembea, nyoosha mabega, kunywa maji. Usizitumie dakika hizo kwenye simu, maana vidole na shingo havijapumzika.

TAHADHARI KUHUSU MAUMIVU. Uchovu wa kawaida wa misuli unaisha baada ya dakika chache. Maumivu makali, ganzi, kuchomachoma, au kidole kinachojikunja chenyewe ni amri ya kuacha siku hiyo hiyo, na yakirudi muone daktari. Usipige ukivumilia. Mpiga piano Leon Fleisher alikuwa na miaka 36 mwaka 1964 vidole vya mkono wake wa kulia vilipoanza kujikunja kwa distonia, ugonjwa unaofanya misuli ijikaze yenyewe, na kwa takriban miaka thelathini alipiga hasa tungo za mkono wa kushoto. Mtunzi Robert Schumann naye alipoteza uwezo wa mkono wake wa kulia akiwa kijana, na alikuwa akitumia kifaa cha kufundishia vidole. Hakuna utungo wenye thamani ya mkono wako.

HATUA YA 9: SHUGHULIKIA SAUTI

Nota zikiwa sahihi kazi iko nusu. Chukua vipimo nane ulivyovituliza, rekodi, kisha ondoka kwenye benchi usikilize ukiwa na kitabu mkononi. Sikiliza mara tatu, kila mara jambo moja: kwanza mapigo, yanakimbia au yanasita wapi, pili mizani, melodi (wimbo wenyewe) inasikika juu ya nota za kusindikiza au imezama, tatu miisho ya sentensi za muziki, imekatwa au imepumua. Ukisikiliza mambo yote pamoja utaishia kusema "si mbaya" na hutajifunza kitu.

Ili melodi isikike, iimbe kwa sauti huku ukipiga mkono wa kusindikiza peke yake. Kama huwezi kuiimba, bado hujaijua, na kidole hakiwezi kuitoa.

Pedali ya kulia, inayoacha nota ziendelee kusikika, iwe ya mwisho. Kwanza piga bila pedali mpaka nota zilizopaswa kuungana ziungane kwa vidole. Kisha ongeza, ukiikanyaga mara tu baada ya nota kupigwa na kuiachia pale hamonia (nota zinazosikika pamoja) inapobadilika. Ukiikanyaga pamoja na nota, unanasa masalia ya hamonia iliyopita na sauti inakuwa tope. Anayefanya mazoezi na pedali tangu siku ya kwanza anafunika makosa yake kwa blanketi.

HATUA YA 10: KARIRI KWA MAKUSUDI

Wengi wanakariri kwa ajali: wanapiga mpaka vidole vinazoea. Kumbukumbu ya vidole ndiyo inayokuja haraka na ndiyo ya kwanza kukimbia hadhira inapokaa. Mazoea yakikatika katikati, huna pa kushika. Jenga nyingine pembeni yake.

- Weka vituo 6 hadi 10 ndani ya utungo, uvipe herufi A, B, C. Andika herufi kwenye vikaratasi, chota kimoja, na uanze hapo hapo bila kitabu. Siku unayoweza kuanzia kituo chochote, ukipotea kwenye onyesho utarukia kituo kinachofuata na wengi hawatajua.
- Piga kwa kumbukumbu kwa nusu ya kasi. Polepole vidole haviwezi kubebwa na mazoea, kwa hiyo mapengo yote yanajitokeza.
- Piga mkono wa kushoto peke yake bila kitabu. Hapa ndipo ukweli unapotoka.
- Ukiwa mbali na piano, taja kodi ya kwanza ya kila kituo, yaani zile nota zinazopigwa pamoja kukifungua. Ukikwama, hapo ndipo pa kurudia kesho.

HATUA YA 11: MALIZIA KIKAO

Dakika 5 hadi 10 za kusoma kitu kipya papo hapo, kilicho rahisi kwa viwango viwili kuliko tungo zako. Angalia alama na mapigo kwa sekunde 30, kisha anza na usisimame hata ukikosea. Katika kila hatua nyingine kusimama kunaruhusiwa. Hapa ni mwiko, kwa sababu unajifunza kuendelea.

Kisha piga utungo mmoja unaoujua, mzima, kama vile kuna watu mbele yako. Mara moja tu. Hapa ndipo burudani inapopata saa yake. Funga kikao kwa kuandika daftarini kasi uliyofikia na kipimo utakachoanza nacho kesho.

MATATIZO NA TIBA

Skeli inachechemea kila baada ya nota tatu. Gumba linachelewa kupita chini kisha linatua kwa kishindo. Kwenye C meja mkono wa kulia, piga E na F tu, vidole 3-1, mbele na nyuma mara kumi, kimya kabisa. Gumba lianze kusafiri mara tu linapoachia kibao chake, na kiwiko kisiruke nje.

Kasi imegoma kupita mapigo fulani. Mara nyingi kinachokukwamisha ni mwendo wa mkono unaofaa polepole tu. Piga nota nne kwa kasi ya mwisho, utue kwenye ya tano na usimame sekunde mbili ukiwa umelegea. Zikikaa, fanya nota nane. Unganisha mafungu hayo taratibu.

Mruko wa mkono wa kushoto unakosa. Tazama kibao unachoendea kabla mkono haujaondoka. Ruka upesi, gusa uso wa kibao, usipige. Hakikisha upo sahihi, ndipo upige. Baada ya mara kumi hivi ondoa kile kisimamo cha katikati.

Nota mbili dhidi ya tatu hazikai. Hesabu hadi sita kwa usawa. Mkono wa nota tatu unapiga kwenye 1, 3, 5, na mkono wa nota mbili kwenye 1, 4. Gonga mezani kwanza mpaka uusikie kama mdundo mmoja, kisha nenda kwenye piano.

Mkono wa kushoto unaifunika melodi. Piga wa kulia kwa sauti kamili huku wa kushoto ukigusa tu uso wa vibao bila kutoa sauti. Kisha uruhusu wa kushoto unong'one. Uongeze kidogo kidogo, na usimamishe pale melodi inapoanza kupotea.

Jana kilikaa, leo kimevunjika. Ni kawaida na si dalili ya kurudi nyuma. Shusha hadi asilimia 70 ya kasi ya jana na upande tena. Safari hii utafika kwa muda mfupi zaidi. Ikitokea siku nne mfululizo mahali pale pale, vidole ulivyoandika ndivyo vibaya. Vibadilishe.

Peke yako unaweza, mbele za watu unaharibu. Unajipima kwa jaribio la kumi, na hadhira inasikia la kwanza. Kila siku, kabla ya skeli, keti ukiwa baridi, washa kinasa sauti, piga utungo mara moja bila kurudia. Hicho ndicho kiwango chako halisi. Nafasi zinazovunjika hapo ziandike. Mara nyingi si zile ulizodhani.

Leo una dakika 15 tu. Acha skeli, acha tungo za zamani. Fungua daftari kwenye kipimo ulichokiandika jana, chukua vipimo viwili na nota moja ya ziada, mkono wa kushoto kwanza, polepole, mara tatu mfululizo bila kosa. Mikono miwili ikifika hapo pia, andika kasi na ufunike piano.